Jumapili Ilishtakiwa Bure: Uchambuzi wa Matumizi ya Nyumba Moja ya Kimara

Wiki ya kwanza ya Januari 2024, mwanachama mmoja wa VICOBA yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, alinifuata nyumbani siku mbili kabla ya kikao. Mimi ni mweka hazina wa kikundi, na nimeshazoea kwamba mtu asiyeweza kusubiri sanduku la fedha lifunguliwe ana jambo linalomkaba. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai nusu kikombe, ndipo akasema: "Dada, naomba unisemee kwenye kikao. Nataka laki nne, na najua ule mkopo wa Septemba sijaumaliza."

Sababu zake zilieleweka. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza katika shule ya kata. Ada haipo tangu 2016, lakini sare, viatu, begi, madaftari na mchango wa chakula vipo palepale. Mwezi huohuo kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na kama mnavyowajua wenye nyumba wa Dar es Salaam, ni miezi sita kwa mpigo. Vyumba viwili na sebule kwa 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo ilitakiwa 900,000 mkononi. Walikuwa na laki sita.

Kabla sijauliza, akanieleza na chanzo cha matatizo. "Tumekaa na baba watoto, tumeona kosa letu ni hizi Jumapili. Kila tukitoka na watoto, pesa inakwisha. Amesema mwaka huu hatutoki tena." Nilimkubalia. Nilimsifu hata, kwamba wamekaa wakaona. Leo ninaandika kisa chao, kwa ruhusa yao wote wawili na bila majina, kwa sababu mimi na wao tulikosea pamoja, na kosa hilohilo ninaliona kwa wanachama wengine kila mwaka.

Kikao kilimpa laki mbili, kwa sharti ambalo wajumbe wawili walilisimamia kwa nguvu: mwezi wa Februari mke na mume waandike kila shilingi inayotoka, kisha tuliangalie daftari pamoja. Mume ni fundi wa majokofu na viyoyozi kwenye karakana moja Kariakoo, mshahara wake 550,000. Mke ni fundi cherehani, anashona nyumbani, na kwa miezi ya kawaida anabaki na kama 350,000 baada ya kutoa uzi, zipu na vitambaa vya bitana. Mume hakupenda. "Shemeji, nitaandika bodaboda mpaka lini?" Tukakubaliana kwamba jioni akiwa kwenye basi atume sauti ya WhatsApp ya nusu dakika, akitaja alichotumia, mkewe aandike. Alifanya hivyo siku zote 29. Nimesikia baadhi ya sauti zile, kelele za kituo nyuma yake na yeye anahesabu: chai, maandazi, nauli, boda, bando.

Daftari la Februari

Tarehe 2 Machi tulikaa watatu na kikokotoo cha simu. Niyaweke hapa kama yalivyokuwa, maana ukiruka tarakimu kisa hiki hakina maana.

Kodi, wakiigawa kwa mwezi, 150,000. Duka la Mangi pale jirani, yaani unga, mchele, mafuta, sukari, sabuni na vitu vya namna hiyo, 238,000. Genge, 101,500. Mkaa, 58,000. Basi la mume kwenda na kurudi kazini, 37,500, na bodaboda ya kumtoa nyumbani hadi barabarani na kumrudisha, 50,000. Chakula chake cha mchana, 75,000. Bando za simu mbili, 43,500. Makato ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu, 23,400. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, 9,000; maji 12,000. Hela za watoto za shule, 40,000. Michango ya harusi, msiba na kipaimara, 60,000. Mume kuangalia mpira kwenye kibanda umiza na soda yake, 9,000. Kutoka Jumapili na watoto: walikuwa wameapa hawatoki, lakini mwezi ule walishindwa mara mbili, 24,000 kila safari, jumla 48,000.

Yote ni 954,900. Waliingiza 900,000. Pengo la 54,900 lilikuwa limejificha kwenye daftari jingine, lile la Mangi, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa limefika 187,000.

Nilimwomba yule dada apige tena hesabu ya starehe peke yake, ukijumlisha na mpira wa mumewe. Ilikuja 57,000. Katika kila shilingi mia waliyotumia, starehe haikufika hata shilingi sita. Kisha nikamwambia ajumlishe mkaa, bodaboda, bando na makato. Ilikuja 174,900. Alinyamaza muda mrefu. Mume ndiye aliyesema: "Kwa hiyo Jumapili tumeionea."

Ninaelewa kwa nini waliishtaki. Elfu ishirini na nne inayotoka saa sita mchana na kuisha saa kumi na mbili jioni inaonekana. Unaiona ikiondoka, unaikumbuka Jumatatu ukiwa huna nauli. Elfu mbili ya mkaa haina sura. Hakuna anayekumbuka mkaa wa Jumanne ya wiki iliyopita.

Mafuta ya kupima

Jambo lililonifungua macho zaidi lilikuwa mafuta ya kula. Kila siku alimtuma mtoto dukani mara mbili na kikombe, kipimo kimoja shilingi 700. Nilimwomba aniazime kikombe chenyewe, kile cha bati cha Mangi, nikachukua chupa ya maji ya lita moja. Tulimimina maji kwa kikombe kile hadi chupa ikajaa. Vilikwenda vipimo tisa. Yaani lita moja ya mafuta alikuwa anainunua kwa 6,300. Dumu la lita tano katika soko la Mabibo lilikuwa 25,000, sawa na 5,000 kwa lita. Kwa mwezi mzima alikuwa anamlipa Mangi 40,600 kwa mafuta ambayo kwa dumu yangemgharimu kama 32,000.

Simlaumu Mangi. Yeye ananunua jumla, anabeba hasara ya madeni yasiyolipwa, anafungua alfajiri na kufunga usiku wa manane. Ile 1,300 ya ziada kwenye kila lita ni ujira wa kukukatia kidogokidogo na kukuamini mpaka mwisho wa mwezi. Lakini lazima mtu ajue kwamba anaulipa.

Sasa hapa ndipo washauri wengi wa matumizi wanapokosea, na nilikuwa mmojawao. Wanasema nunua jumla, utaokoa. Ni kweli. Lakini mwanamke huyu alikuwa analipwa na wateja vipandevipande: 3,000 ya kupunguza suruali, 5,000 ya kubadilisha zipu, 15,000 ya gauni ambayo inaletwa kwa awamu tatu. Hela iliyokuja kwa vipande ilitoka kwa vipande. Mshahara wa mume, ambao ndio pekee ulioingia kwa pamoja, ulikuwa umeshaliwa kabla haujafika: sehemu kwenye kisanduku cha kodi, nyingine kwa Mangi. Na mtu mwenye deni hachagui duka. Angewezaje kwenda Mabibo kununua dumu huku anadaiwa laki na themanini na saba hapo mlangoni? Mangi angemwona anapita na dumu kichwani.

Chini ya kitanda chao kulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo sita, mtupu tangu Oktoba. Kuujaza ilitakiwa 24,000. Mwanamke aliyetoa 58,000 za mkaa kwa Februari, elfu mbili kila siku, hakuwahi hata siku moja kushika 24,000 ambazo hazikuwa na kazi nyingine. Nikisikia watu wanasema maskini hawajui hesabu, huwa nakumbuka mtungi ule. Alijua hesabu vizuri kabisa. Alichokosa ni siku moja ya kuwa na fedha mbele badala ya nyuma.

Siku hiyo ilikuja kwa bahati. Februari na Machi Dar es Salaam ni joto kali, na fundi wa viyoyozi anatafutwa. Mwishoni mwa Machi mume alipata kazi za pembeni tatu, akapata 180,000. Miaka yote hela kama hiyo ilikuwa inayeyuka. Safari hii waliichukua wote wawili, wakaongeza 7,000, wakaenda kumlipa Mangi hadi senti ya mwisho. Nasema wazi: bila laki na themanini ile, daftari lingebaki ushahidi tu wa shida. Ndiyo maana sasa kwenye kikundi chetu tuna mkopo mdogo wa kufuta deni la duka, ambao mtu anaupata mara moja tu, na ninapigania usiondolewe.

Machi bila Jumapili

Kabla ya hapo lakini, kulikuwa na mwezi wa Machi, na huo una habari yake.

Pamoja na daftari kuonyesha kwamba starehe si tatizo, mume alitaka kuendelea na azimio lake. Alisema hata kama ni kidogo, bado ni 48,000. Nilimwachia. Machi yote hawakutoka hata Jumapili moja, na wakaendelea kuandika kwa hiari yao. Tulipojumlisha, kutoka Jumapili ilikuwa sifuri kweli. Lakini mpira wa mume ulikuwa umepanda kutoka 9,000 hadi 31,000, maana Jumapili mchana nyumba ilikuwa na joto na watoto wanalia, naye alitoka kwenda kibandani, na kibandani mtu haangalii mechi moja. Chipsi, soda na barafu za watoto pale mtaani, vitu ambavyo Februari havikuwepo kabisa, vilifika 18,000. Mke alinunua mkoba wa 12,000 ambao mwenyewe aliniambia hakuuhitaji, "ila nilikuwa nimechoka, dada." Jumla 61,000. Wakati Februari, pamoja na matembezi mawili, ilikuwa 57,000.

Walitumia zaidi, na hakuna aliyefurahi. Watoto hawakuona bahari mwezi mzima. Mume na mke walikaa pamoja mara chache kuliko mwezi uliotangulia. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo lililonifanya niache kuwaambia wanachama wafute starehe. Mtu aliyefanya kazi siku sita lazima apumzike mahali. Usipompangia mahali, atapatafuta mwenyewe, na atapalipia kwa bei ya papo hapo.

Aprili wakarudisha Jumapili, lakini kwa bahasha. Elfu arobaini kwa mwezi kwa starehe yote ya nyumba, mpira wa baba ukiwemo, zikitolewa siku ya mshahara na kuwekwa kwenye bahasha kabatini. Ikiisha imeisha. Tulichambua ile 24,000 ya safari moja tukakuta 15,000 ni chakula na vinywaji vya kununua, 9,000 ni nauli na vikorokoro. Kwa hiyo chakula kikaanza kupikwa nyumbani. Coco Beach pwani ni ya wote, hulipi kukaa mchangani. Walikwenda na sufuria la pilau lililofungwa kwenye kanga na dumu la juisi ya ukwaju, wakanunua mihogo ya kukaanga tu, kwa sababu mtoto mdogo hakubali kwamba umefika Coco kama hujala mihogo yenye pilipili. Safari ikashuka hadi elfu kumi na kidogo.

Jumapili nyingine walipanda pantoni pale Kivukoni kuvuka kwenda Kigamboni, nauli shilingi 200 kwa mtu. Wakatembea upande wa pili, wakakaa, wakarudi. Mke aliniambia kwamba yule wa miaka tisa alisimama kwenye kingo za pantoni akiangalia meli zinazoingia bandarini na hakuomba soda kwenda wala kurudi. Na Jumamosi asubuhi mtoto wa kidato cha kwanza alianza kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967 pale Barabara ya Bibi Titi, akishuka kwenye basi moja na baba yake anayekwenda kazini.

Yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana

Aprili, deni la Mangi likiwa limeisha, wakaanza kununua mbele. Majirani wanne walijiunga nao kununua gunia la mchele la kilo 50 Tandale, kila nyumba kilo kumi, wakigawana na gharama ya kulileta. Waliokoa kama shilingi 500 kwa kilo ukilinganisha na dukani. Hilo linaendelea hadi leo na halina maneno mengi.

Dumu la mafuta lilikuwa na maneno. Kwa matumizi yao ya Februari, lita tano zilitakiwa zifike siku ya 22. Ziliisha siku ya 17. Mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mzito, na hapo faida yote ilikuwa imekwisha, tena na zaidi. Dumu la pili alilifungia kabatini, akawa anamimina chupa ndogo ya soda kila baada ya siku mbili, na kupikia kutoka kwenye chupa. Likafika siku ya 22. Ndiyo maana ninamwambia kila anayeniuliza: kununua jumla ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuendelea kujipimia kama vile bado uko kwa Mangi.

Gesi haikuokoa fedha nyingi kama nilivyotarajia. Mtungi wa kilo sita ulikaa siku 20 kwa chai, mboga na uji, na maharage pamoja na makande yalibaki kwenye mkaa mara mbili kwa wiki, yanachemshwa mengi kwa pamoja. Mkaa na gesi kwa mwezi vikaja 52,000. Faida yake ilikuwa kwingine. Asubuhi hakuwashi tena jiko la mkaa na kusubiri likolee. Saa moja iliyopatikana ilikwenda kwenye cherehani.

Bodaboda ya asubuhi mume aliiacha. Njia ni mteremko, dakika ishirini kwa mguu. Ya jioni aliibakiza, na nilimuunga mkono: Kimara ina vilima, giza linakuwa limeingia, na mtu amekuwa amesimama kutwa. Aprili mvua zilikuwa kubwa, barabara ikawa tope, akarudi kwenye boda asubuhi pia wiki tatu nzima. Hatukumhesabia kosa. Mei akaanza tena kutembea.

Chakula cha mchana kilikuwa na funzo ambalo hakuna kikokotoo kingelionyesha. Mwanzoni alibeba hotipoti kila siku, na kwenye karatasi ilikuwa inaokoa hela nyingi. Baada ya wiki tatu akaniambia: "Shemeji, mimi naumia." Kazi za pembeni, zile zilizofuta deni la Mangi, anazisikia pale kwa mama ntilie anapokula na mafundi wenzake na madereva wa maduka ya vipuri. Akila peke yake karakanani hasikii kitu. Alizikosa mbili zikaenda kwa mwingine. Akarudi kwa mama ntilie Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku zilizobaki anabeba. Elfu tatu ile ni ya wali na maharage, na ni ya kazi pia.

Kwenye simu, tulihesabu miamala 31 ya Februari iliyotoa zile 23,400. Wateja walimlipa mke kwa simu, akaitoa papo hapo kwa wakala, 5,000 leo, 8,000 kesho, kila mara akikatwa. Watu wengi wa Tanzania walianza kuyatazama makato Julai 2021 ilipoanza ile tozo ya serikali, iliyopigiwa kelele hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 miezi miwili baadaye. Lakini hata pasipo tozo, kutoa kidogo mara nyingi ni ghali kuliko kutoa kwa pamoja. Akaanza kutoa mara moja kwa wiki, na kununua LUKU na vitambaa moja kwa moja kwa simu. Juni makato yalikuwa 8,600. Bando za siku walizibadilisha kwa za mwezi na wiki, ikawa 24,000 badala ya 43,500.

Friza ndiyo iliyonifundisha mimi. Mei mume alileta nyumbani friza kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe, ili Jumamosi wakanunue samaki wa mnadani soko la Feri pamoja na majirani na kuwahifadhi. Wazo zuri, nami nililishangilia. Samaki waliokoa kama 12,000 kwa mwezi. Lakini nyumba yao ina mita yake na ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, shirika la umeme, wale ambao uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukizivuka kila uniti ni 350. Walikuwa wanatumia kama uniti 60. Friza iliwapeleka karibu 117. LUKU ikapanda kutoka 9,000 hadi 28,000, na ukiendelea kuvuka hivyo unahamishwa kabisa kwenye kundi la bei ya juu. Waliiuza friza kabla ya mwisho wa Juni. Samaki wamerudi kuwa wa siku.

Tukiwa kwenye risiti za LUKU tukaona pia kwamba kila mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mpangaji anaitanguliza tu. Alikwenda na risiti za miezi sita kwa heshima zote, na mzee akakubali kupunguza 9,000 kwenye kodi ya nyumba. Wapangaji wengi wa mtaa wetu hawajui hili.

Michango nitaisema kwa kifupi. Waliiwekea kikomo cha 35,000 kwa mwezi, isipokuwa msiba wa karibu. Kuna wanaoshauri kuacha kuchanga kabisa. Mimi siwezi kushauri hivyo, maana nimeona nani anazikwa na watu wangapi.

Juni waliyotumia yote, ukiacha umeme wa friza ambao waliulipia kwa fedha waliyoiuzia, yalikuwa 777,100. Kutoka 954,900 hadi hapo, bila mtu kulala njaa na bila watoto kukosa Jumapili.

Treni

Treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na watoto hawakulala na habari hiyo. Nauli ya daraja la kawaida ni 13,000 kwa mkubwa, wadogo nusu. Mke alikuja na hesabu yenyewe imeandikwa: wakubwa watatu, maana wa kidato cha kwanza ana miaka 13 na analipa kama mkubwa, na wadogo wawili, kwenda na kurudi, 104,000. Mwaka mmoja nyuma wangeikopa au wangewaambia watoto wasahau. Safari hii walianza Julai kutenga 4,000 kila wiki kutoka kwenye bahasha ya starehe na kwenye fedha iliyobaki, na kumpa mtoto wa miaka tisa kibubu akitunze yeye. Wiki 26. Wiki mbili walikosa, mwezi wa Septemba alipougua mdogo, wakafidia Oktoba.

Walikwenda Desemba, asubuhi na kurudi jioni. Sufuria la pilau lilikwenda pia. Nilimuuliza yule wa miaka tisa alichokiona, akaniambia alihesabu vituo, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, na kwamba milima ya Uluguru ilikuwa na wingu juu yake kama kofia. Mdogo alilala kabla ya Ruvu na kuamshwa Morogoro.

Januari 2025 mama yao alikuja tena kuomba mkopo. Safari hii alisubiri siku ya kikao, sanduku likafunguliwa kwa funguo zote tatu, akasimama mbele ya watu. Alitaka laki tatu na nusu za mashine ya kufunga pindo. Kodi ya miezi sita alikuwa ameshailipa. Mkopo wa mwaka uliopita alikuwa ameumaliza Agosti. Aliweka daftari mezani bila kuulizwa, na mjumbe mmoja, kati ya wale wawili waliosimamia sharti lile, akalichukua akaanza kulisoma.